Nilioa kanisani, lakini kwa wakwe zangu Kasama bado ni mgeni

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nina miaka 36, na nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Mke wangu ni Mbemba wa Kasama, Zambia. Tulifahamiana ng'ambo, Nakonde, alipokuwa karani kwenye ofisi ya malori. Tumejaliwa binti mmoja.

Wakati wa posa nilifuata taratibu zao zote za mwanzo. Nilitafuta mshenga, wao humwita shibukombe, mzee mmoja wa Nakonde anayejua kusema na watu. Akapeleka insalamu, ile pesa ya kufungulia mazungumzo inayowekwa katikati ya sahani mbili, wakaipokea. Mpango, yaani mahari, ulikuwa mdogo kuliko nilivyohofia. Kwetu tumezoea kuhesabu ng'ombe. Baada ya hapo wakasema, sasa tutaleta icilanga mulilo, wanawake wa ukoo watakuja kukuonyesha vyakula.

Nikamweleza mchungaji wangu. Akauliza kama kutakuwa na ngoma, nikasema ndiyo. Akauliza kama nyimbo zenyewe nazielewa, nikasema sizielewi. Akasema hayo ni maagano na mizimu, na chakula kile ni cha kunifunga kwenye ukoo wa watu, nisithubutu kukigusa. Nikakataa. Baba mkwe, mtu mpole sana, alisema tu, "Sawa, tutangoja." Wakaja Mbeya kwenye harusi, wakacheza hadi usiku mkubwa. Nikajua yamekwisha.

Mwaka jana baba mkwe alifariki, Mungu amrehemu. Tulipofika Kasama mke wangu aliingia ndani moja kwa moja. Mimi nilizuiwa mlangoni na mzee mmoja, akanishika mkono akanipeleka kwa jirani. Siku zote za msiba nililala hapo, nikaletewa chakula kilichopikwa hapohapo kwa jirani. Wakwe wenzangu, waume wa dada zake mke wangu, walipewa kazi za kuni na maji na kuketi na wazee. Mimi niliambiwa, "Wewe pumzika tu." Mama mkwe alinipita uani amejifunika kitenge mpaka usoni, hata salamu hakunipa. Nilijua ananichukia. Usiku mke wangu alilia sana, na hakuwa akimlilia baba yake peke yake. Shangazi yake alikuwa amemwambia mbele za watu, "Mumeo sisi hatujamwona."

Shemeji yangu mmoja ndiye aliyenieleza: hujaonyeshwa chakula, na hujaingizwa, ungekaa wapi?

Sasa msiba umeshatimiza mwaka. Mjomba wa mke wangu amepiga simu. Wanataka kuja kunipikia, na baadaye nifanyiwe ukwingisha, niingizwe rasmi nyumbani kwa mama mkwe. Pia shangazi yake anasema mke wangu hakufundwa. Alipata semina ya ndoa ya kanisani kwetu tu, kwa hiyo banacimbusa, yaani makungwi wao, watakaa naye siku kadhaa, na shangazi mwenyewe atampa kile chungu kidogo cha wanandoa. Mke wangu anataka vyote. Hanisumbui, lakini nikikaa kimya naye anakaa kimya.

Mchungaji amesema nikienda nivue uzee wa kanisa. Baba yangu, Mmoravian wa siku nyingi, amesema, "Nenda ukale chakula cha watu." Na linalonivuruga zaidi ni mama mkwe mwenyewe. Ni Mkatoliki, haikosi misa, Jumapili anavaa sare ya wanawake wa parokia. Na huyohuyo ndiye nacimbusa anayejulikana mtaani kwao! Sielewi anawezaje kuwa yote mawili.

Naomba unisaidie. Je, ni dhambi? Hicho chungu nikipokee? Na nimesikia kwamba kwa Wabemba mke akifa mume hulazwa na mdogo wa marehemu ili roho irudishwe kwao. Nikiingizwa, nitakuwa nimekubali na hilo?

Mkwe wa Nje, Tunduma


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na msiba.

Nianze na mama mkwe wako, maana hilo ndilo limekukaa rohoni kuliko unavyosema. Hakuchukii. Alikuwa anakuheshimu kwa namna anayoijua. Kwa Wabemba mkwe wa kiume na mama wa mke wana miiko: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono, na miiko hiyo huondolewa hatua kwa hatua kadiri ndoa inavyokomaa. Hatua zenyewe ndizo hizo ulizozikataa. Asiyezipitia hubaki palepale alipokuwa siku ya posa, hata kama ana mtoto na cheti cha ndoa. Mama yule angekusalimu na uso wazi siku ya msiba wa mumewe, wanawake wenzake wangemshangaa yeye.

Na wewe Mnyakyusa hili likushangaze? Bibi zako huko Rungwe walikuwa wakimkwepa baba mkwe, wakipishana naye njiani wanaingia porini, jina lake hawalitaji hata kama linafanana na jina la kitu cha jikoni. Wamoravian wamehubiri Rungwe tangu 1891, na wanawake hao walikwenda kanisani wakiwa na miiko yao, wakabatizwa, wakazikwa kwa nyimbo za kanisa. Baba yako anayajua haya ndiyo maana amekujibu kwa maneno machache.

Mimi nimeishi Mpika. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya TAZARA, na majirani zetu wengi walikuwa Wabemba, kwa hiyo haya ninayokueleza nimeyaona kwenye mikeka ya watu. Kwenye icilanga mulilo nimealikwa mara kadhaa, nimesaidia hata kuchambua mboga. Acha nikueleze kinachofanyika, kwa sababu nina hakika mchungaji wako hajawahi kukiona.

Wanawake wa upande wa mke hupika tangu alfajiri. Ugali, kuku mzima ambaye hajakatwa, ifisashi, yaani mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, kisamvu, maharage, samaki wakavu, cikanda inayotengenezwa kwa viazi vya okidi, na ifinkubala, wale viwavi wakavu ambao Mtanzania huwatazama mara mbili. Munkoyo huwa haukosekani. Ni togwa yao, ya mahindi na mizizi, haileweshi. Vyote hufunikwa, hubebwa kichwani kwa msafara, ngoma mbele, vigelegele nyuma, hadi nyumbani kwa mume au kwa jamaa aliyempokea. Wakifika hawaingii tu. Hupiga magoti, hupiga makofi, wengine hulala chali na kubiringika chini kwa heshima, na upande wa mume hutoa vijisenti ili waendelee. Ukiwa mbahili utakaa na njaa.

Ndani, nacimbusa hufunua chombo kimoja baada ya kingine. Kila kifuniko kina maneno yake: hiki ndicho mkeo atakachokupikia, hiki unaruhusiwa kukila ukija kwetu, kuku huyu firigisi ni yako. (Firigisi Zambia nzima ni ya baba mwenye nyumba. Watu wamekosana kwa firigisi.) Unanawa, unaonjeshwa, jamaa zako wanakula wakashiba. Vyombo vikirudi haviendi vitupu, mnatia pesa au kitenge ndani. Halafu ni ngoma mpaka jioni, na siku hizi kuna mpiga picha, na wote wamevaa kitenge cha sare.

Kabla ya siku hiyo hukaribishwi kula kwa wakwe kama mtu wa nyumbani, na baada yake unakaribishwa. Ndiyo maana Kasama ulilishwa na jirani.

Utasikia wengine wanaiita shughuli hii amatebeto. Wazee wa Kibemba watakukatiza hapo. Kwao amatebeto ni karamu ya baadaye, mkwe anapikiwa baada ya miaka ya kumtunza mke vizuri, kama shukrani. Mjini wamevichanganya. Usiingie kwenye ubishi huo, ita jina wanaloliita wao.

Sasa swali lako la dhambi. Ningekushauri usiulize kama mila hii kwa ujumla ni ya Mungu au ya shetani, kwa sababu ukiuliza hivyo utajibiwa na yule mwenye sauti kubwa zaidi. Chukua tendo mojamoja ujiulize: hapa anayesemeshwa ni nani? Nacimbusa akifunua sufuria anasema na wewe. Wanawake wakipiga makofi wanamheshimu baba yako. Shibukombe akiweka insalamu kwenye sahani anasema na baba wa binti. Hao wote ni watu walio hai, wana masikio, na wanachokutaka ni adabu. Lakini mzee akichukua unga au pombe akaimwaga chini akawaita imipashi, roho za waliotangulia, waje wailinde ndoa yako, hapo anayesemeshwa si wewe wala si baba yako. Wewe umemkabidhi Kristo ndoa hiyo, na una haki ya kusema hapana.

Paulo aliwajibu Wakorintho karibu vilevile, soma sura ya 10 ya waraka wa kwanza. Mkialikwa, kuleni mnachoandaliwa bila kuulizauliza. Mtu akiwaambia kitu hiki kimetolewa sadaka kwa sanamu, msile. Hakuwakataza kwenda karamuni. Na mwombe mchungaji wako asome Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu amefika kwa kina Rebeka kuposa, chakula kimewekwa mbele yake, anakataa kukigusa mpaka aseme kilichomleta. Baada ya kukubaliwa anatoa vyombo vya fedha na dhahabu, anampa binti, anampa kaka mtu na mama mtu, ndipo wanakula na kunywa. Mbemba akiisoma hiyo haoni kitu kigeni hata kimoja. Wala kwa Yakobo, aliyetumika miaka saba kwa baba mkwe. Wabemba wa zamani walikuwa hawatoi mali nyingi, kijana alihamia kijijini kwa wakwe akawalimia na kukata miti kwa miaka. Huo mpango mdogo uliokufurahisha unatoka huko. Walichodai tangu zamani ni mkwe mwenyewe, mikono yake na kuwepo kwake, kuliko ng'ombe wake. Wewe ukawapa pesa ukajizuia mwenyewe.

Kwa hiyo icilanga mulilo nenda, au tuseme ikubali, maana ni wao watakaokuja. Ukwingisha pia ikubali, ila usiiharakishe. Hiyo ni heshima kubwa, wengi huipata wakiwa na watoto wakubwa. Unapelekwa nyumbani kwa mama mkwe, unaingia ndani, mnapeana zawadi, wazee wanakuambia maneno, na kuanzia hapo unaweza kukaa na kula pale kama mtoto wa nyumba. Familia nyingine huunganisha mambo haya ili kupunguza gharama. Shibukombe wako aulize wao wanataka vipi.

Shibukombe huyohuyo ndiye utakayempa kazi ngumu. Usisubiri siku ya shughuli mzee ashike kibuyu ndipo usimame uanze kukemea. Utaaibisha watu, na mkeo atalia tena. Mwambie mapema aende kwa mjomba, kwa maana kwa Wabemba ukoo unafuata mama na mjomba ndiye mwenye neno, aseme: mkwe wenu anakuja kwa moyo wote, ila yeye ni mtu wa kanisa, anaomba maombi ya siku hiyo yawe kwa Lesa peke yake, na kinywaji kiwe munkoyo. Lesa ndilo jina la Mungu kwenye Biblia yao. Mama mkwe wako anamwita hivyo kila siku kwenye misa. Sitashangaa kama jibu litakuwa kwamba hawakuwa na mpango wa kumwaga chochote.

Umesema huelewi anawezaje kuwa Mkatoliki na nacimbusa. Mwanangu, huko ni jambo la kawaida kabisa, lakini halikuja bila vita. Mapadri wa Kizungu, wale Wamisionari wa Afrika, walifika pembeni mwa nchi ya Wabemba mwaka huohuo wa 1891, na kabla karne haijaisha Askofu Dupont, ambaye wenyeji walimwita Moto Moto, alikuwa ameshajenga Chilubula, karibu na Kasama. Kwa muda mrefu walikataza cisungu, unyago wa wasichana, wakiuona ni uchafu. Wanawake wakaitikia "ndiyo padri" mchana, usiku wakaendelea na mafunzo yao. Kisha kanisa lenyewe likabadilika. Mtaguso wa Vatikano mwaka 1963 uliandika kwamba mila njema za ndoa za kila mahali zihifadhiwe. Padri mmoja wa shirika lilelile, Jean Jacques Corbeil, akatumia miaka kukusanya imbusa, zile sanamu za udongo ambazo makungwi hufundishia, na leo zimo kwenye jumba la makumbusho la Mbala linaloitwa Moto Moto. Kutoka kwenu Tunduma si mbali. Nendeni mkazione, na kama mchungaji ana nafasi mchukueni. Ataona vinyago vya nyumba, mamba, mume na mke, kila kimoja na wimbo wake na somo lake.

Wanawake wa rika la mama mkwe wako walikulia katikati ya mabadiliko hayo. Parokiani wanafunda mabinti kwa Biblia na kwa imbusa kwa pamoja. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana wanawake wao wa kufunda kabla ya harusi. Huko Zambia mapadri na wachungaji wengi huuliza kwanza kama mambo ya nyumbani yamekamilika ndipo wafungishe ndoa. Kilichotokea kwako, kanisa kuyazuia mambo ya nyumbani, kimewashangaza wakwe zako kama Wakristo.

Kuhusu mkeo kufundwa, mimi sina shida nayo, na usitake kujua kila kinachosemwa humo ndani. Hata hapa kwetu mwali akiwa na somo wake mume hasogei dirishani. Mengi ni usafi, mapishi, kuishi na ndugu wa mume, na mambo ya kitandani, ambayo semina za makanisani huyapita mbio huku kila mtu akitazama sakafu. Ila kuna somo moja ambalo nimelisikia kwa banacimbusa na ningelipinga kuliko ngoma zote. Wanaliita kushipikisha: vumilia. Mume akipiga, nyamaza. Akiwa na mwanamke nje, nyamaza, usitoe siri za nyumba. Nimewaona wanawake Mpika wakiwa na macho yamevimba wanachota maji huku wanasema wamejikwaa. Wala usidhani ni la Wabemba peke yao. Kicheni pati zetu zinalifundisha kwa taarabu, na wachungaji wetu wanalifundisha kwa aya. Kabla mkeo hajaenda, mwambie kwa mdomo wako kwamba hilo la kunyamazia kipigo na umalaya halina nafasi nyumbani kwako. Likitoka kwako litakuwa na uzito kuliko likitoka kwangu.

Chungu sasa. Zamani shangazi alimpa bibi arusi chungu kidogo. Baada ya tendo la ndoa mume na mke walichemsha maji ndani yake na mke akamnawisha mume mikono, ili wawe safi kabla ya kugusa moto wa jikoni. Waliamini kwamba anayegusa moto bila kunawa huweza kumdhuru mtoto mchanga au mtu mwingine wa nyumbani. Huo woga ndio wa kuuacha. Mtoto wako hataugua kwa sababu mama yake ameinjika chai asubuhi, na hilo unaweza kumwambia mkeo bila kuogopa. Lakini chungu chenyewe ni udongo uliochomwa. Shangazi amekinunua kwa pesa yake, na kukikataa mbele ya watu ni kumkataa yeye. Apokee, ashukuru. Mkifika Tunduma mtajua wenyewe mnakiweka wapi. Nimekiona kikiwa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, na kwa mama mmoja kilikuwa na vitunguu saumu. Hakuna mtu atakayetoka Kasama kuja kukagua. Kama dhamiri yako bado inagoma, mwambie mkeo azungumze na shangazi yake faraghani kabla ya siku yenyewe. Wanawake hupata namna.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na nafurahi umeliuliza wazi. Ndiyo, ubupyani upo, au ulikuwepo. Mwenzi akifa, ukoo wa marehemu ulitoa mtu, ikiwa ni mke aliyekufa basi mdogo wake, alale na aliyebaki ili roho ya marehemu iachilie. Wakati mwingine ikawa ndoa kamili. Ukimwi ulipoanza kuzoa familia nzima miaka ya 1980 na 1990, makanisa na hata machifu walipiga vita desturi hiyo, na nyumba nyingi sasa zinatumia ishara tu: ushanga mweupe anaofungwa mkononi, au unga wa kupakwa. Lakini haijaisha kabisa kila mahali, na sitakudanganya.

Kuingizwa kwa mama mkwe hakukufungi kulala na mtu. Ni mambo mawili tofauti. Ila hapa usiwe mpole kama kwenye chungu. Shibukombe aliseme hili wazi mbele ya mjomba na mashemeji: akitangulia mke au akitangulia mume, kati yetu hakuna kulazana na mtu, kama ukoo unahitaji ishara ya kuachana na msiba, tutakaa na padri na mchungaji tutafute iliyo safi. Na jambo hilo limhusu mkeo kama wewe, maana ukitangulia wewe, asije mtu wa upande wowote akamwambia lazima atakaswe na shemeji yake. Liseme ungali hai, mbele ya ndugu zako wa Rungwe pia.

Ama mchungaji. Mchungaji anakupenda, sina shaka, na kuna mengine yanamtisha kwa haki. Hilo la ubupyani angelisikia angekuwa sahihi kabisa kupiga kelele. Kosa lake ni kwamba aliuliza kuhusu ngoma na nyimbo, akatoa hukumu bila kuuliza nyimbo zinasema nini. Mkeo anazijua. Muombe akae na mchungaji mbele yako, amtafsirie mbilitatu, zile za heshima. Zile za ndani ya mafunzo asizitafsiri, tutaua mzee wa watu. Mweleze mpango wako: nitakula, sitamwaga, sitalazwa na mtu, maombi ni kwa Mungu. Mkaribishe aje akae mkekani na baba yako. Akikubali, utakuwa na shahidi mwema. Akikataa na akashikilia uvue uzee wa kanisa, vua. Kiti cha uzee wa kanisa utakipata tena hapo au pengine, na hakuna andiko linalosema mtu alinde kiti hicho huku mkewe anaaibishwa misibani.

Na huyo mkeo, umeandika kwamba hakusumbui, anakaa kimya tu. Alikubali uikatae mila ya kwao, akasimama na wewe madhabahuni, kisha akasikia mbele ya jeneza la baba yake kwamba mumewe hajulikani. Kabla hujampigia mjomba simu, kaa naye umwambie umeamua nini, tena umuulize yeye ni lipi analolitaka na ni lipi analoliogopa. Inawezekana kuna kipengele yeye mwenyewe hakipendi na anangoja umuulize.

Upande wa maandalizi: mchukue baba yako na shangazi yako mmoja mwenye ulimi mtamu. Kwacha za noti ndogondogo ziwe nyingi, maana kila kifuniko kina bei yake. Nunua vitenge vya kurudishia vyombo hapohapo Nakonde, Kasama mtaviuziwa ghali. Ifinkubala wakifunuliwa usikunje uso. Onja kimoja, wamekaangwa na chumvi, si vibaya hata kidogo. Baba yako nadhani atakula sahani nzima.

Shangazi